Moja Nukta Nne Tano

Shekue, leo nimekifungua kile kisanduku chako
juu ya meza ileile, Langoni, chumba cha ghorofani
ambako chumvi hupanda ngazi bila kubisha hodi
na kutafuna misumari.
Nimepangusa dawa ya joto, imekauka kama chokaa.
Nimeitoa prosesa, nimeiweka kiganjani:
ndogo, haishindi kipande cha halua.
Haina alama ya moto. Hainuki.
Hilo ndilo lililonikasirisha.
Kilichoungua kingekuwa na adabu ya kuacha majivu.

Wakumbuka ile wiki ya harusi tatu?
Kina Mbwarali, kisha bi harusi wa Mkomani,
na ile ya Matondoni ambayo hata bei hatukuelewana.
Saa kumi na moja za vigelegele vya kukatwa na kuungwa,
na mashine yasema subiri.
Asilimia kumi na mbili. Subiri.
Ukasema, "Dada, tuisukume kidogo."

Kidogo!

Ukapandisha mwendo, ikazimika.
Ukapandisha mwendo na umeme, ikasimama.
Moja nukta mbili tano, walivyoiweka kiwandani.
Moja nukta tatu.
Moja nukta tatu tano, na feni ikaanza kulia
kama mwana aliyeachishwa ziwa.
Moja nukta nne.
"Yaenda!" ukapiga kelele, na kweli ilienda.
Kulipokucha, harusi zote tatu zilikuwa zimeiva;
yule wa Mkomani akashuka ngazi hadi chini
bila kukwama hata mara moja.
Nikachungulia joto: nyuzi themanini na nane.
Nikasema, "Si tisini."
Ndivyo tulivyoupima usalama,
kwa kile ambacho hakijafika.

Sasa niliseme, maana hukuwahi kuniuliza.
Nilijua.
Mwalimu wetu chuoni Mombasa alirudia hadi tukachoka:
joto ni mlalamishi, litapiga mayowe, utalisikia.
Volti ikizidi haipigi kelele.
Ndani mle, katika nyaya ambazo unywele kwazo ni gogo,
husomba chembe za shaba moja moja,
kama bamvua inavyochota mchanga chini ya ukuta wa gati:
ukuta wabaki wima, punda wapita na mizigo yao,
watu wapita,
hadi siku hiyo.
Nilijua, nikanyamaza.
Wa Matondoni walikuwa wanalipa taslimu.

Mwezi wa tatu, mwendo uleule ukadai zaidi.
Kitita cha jana hakikumtosha mla miraa.
Moja nukta nne tano, ukaandika usiku,
nami nilikuona, nikakusogezea kahawa.
Halafu ikaanza kuzimika katikati ya nyimbo,
ikala sura ya bwana harusi mmoja, nusu ya uso,
tukamrudishia mamake pesa na aibu juu.
Ukashusha kila kitu. Ukarudisha ya kiwandani.
Haikutaka.
Mwendo iliozaliwa nao ulikuwa umegeuka mlima.

"Lakini hatukuiunguza," ulisema.
Hapana, mwanangu wee. Tuliizeesha.

Jana nimesikia sauti yako kutoka Doha.
Zamu mbili, mchana bohari, usiku lango la hoteli.
Walala saa tatu. Kopo moja halitoshi tena,
sasa wanywa matatu ndipo macho yafunguke.
Ukacheka. "Yaenda, dada," ukasema.
Nimeisikiliza mara nne.
Si maneno, ni kile kicheko,
chembamba, na kina mahali kinaporuka.

Nimekujibu, kwa kuandika, kwa sababu sauti ingenisaliti:
Shusha.
Tiki moja tu, ya kijivu.

Prosesa nyingine nimeinunua Mombasa, mitumba,
nikaiacha kama ilivyokuja, moja nukta mbili tano.
Nina harusi ya watu wa Shela ya kuwapa Ijumaa.
Yasema asilimia kumi na mbili.
Nimefungua dirisha, nimevua kanga ya mabega.
Yasema kumi na tatu.